Shule Aliyoichagua Mama Mjini Walikale

Walikale ilitupokea kwa harufu ya mawese yanayochemka na ya udongo usiokauka. Sisi tulitoka Bihambwe, milimani Masisi, ambako asubuhi ilinuka moshi wa kuni na nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na ambako ukisimama mlangoni ulimwona mtu anayepanda kutoka bondeni muda mrefu kabla hajakufikia. Hapa msitu ulianzia nyuma ya choo, na hukuweza kujua nini kinakuja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku ya kwanza nilitembea nimekaza mabega, nikisikiliza kila tawi lililovunjika.

Tulihama kwa sababu ya kazi ya Papa, baba yetu. Alikuwa muuguzi, na barua ilimtuma kwenye kituo cha afya kilichokuwa ndani ya msitu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mjini Walikale. Nyumba ilikuwepo huko, ila shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu. Tukiwa bado Bihambwe, siku moja nikitwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya jiko, nilimsikia Papa akimwambia Mama kwamba ingefaa mimi nibaki Sake kwa shangazi, kwenye shule nzuri, maana mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukuwa mbali. Mama alijibu kwamba kila vita inayoelekea Goma hupita kwanza Sake, na kwamba hatamwacha mtoto wake njiani. Mchi ulinitoka mkononi. Niliogopa kuachwa kuliko nilivyoogopa huo msitu. Mwishowe walikubaliana: Papa atalala kituoni na kuja Jumamosi, na sisi tutapanga chumba mjini ili mimi na mdogo wangu Baraka tusome.

Papa alikuwa tayari amechagua shule. Ilikuwa na mabati mapya, kuta za matofali, na ubao mlangoni wenye majina ya waliofaulu, yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Niliyasoma yote nikaona mahali ambapo jina langu lingekaa. Direkta, yule mwalimu mkuu, mwanamume mnene aliyevaa koti kwenye joto lile, alitutembeza darasa kwa darasa. Kila darasa lilikuwa na mlango mmoja, na madirisha yalizibwa kwa vyuma dhidi ya wezi. Mama, ambaye hakuwahi kupita darasa la tatu, alikuwa akiitazama milango na yale madirisha. Kisha akauliza habari ya risasi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Masasi ikianza kulia, batoto banapitia wapi?"

Direkta alimtazama Papa kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza. "Mama, hapa iko masomo," alisema. "Vita iko mambo ya serikali."

Mama alishukuru, akanishika mkono, tukatoka. Papa alibaki nyuma akiomba radhi. Mchana ule ule Mama alizunguka mji mzima na sisi watoto wawili, mpaka akafika kwenye shule ya mbao iliyoezekwa majani, pembeni mwa mashamba ya mihogo. Iliongozwa na mwalimu mmoja mzee tuliyemwita Mama Zawadi, mwenye mguu mmoja uliokuwa mzito kidogo. Mama aliuliza swali lilelile. Mwalimu hakushangaa. "Na mie, ile njo swali ningeuliza ya kwanza," alisema, akatuonyesha vijia vitatu vilivyofyekwa kupitia mihogo hadi mtoni, na jinsi ukuta wa nyuma wa kila darasa ulivyofungwa kwa kamba tu ili ukisukumwa uanguke. Kila mwanafunzi mkubwa alipewa mtoto mmoja wa darasa la kwanza wa kumshika mkono.

Jumamosi Papa alipokuja na kusikia, alikasirika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Tulipanga chumba hapa juu ya masomo," alimwambia Mama, "haiko juu ya kukimbia." Moyoni nilikuwa upande wake. Nililia kwa ajili ya ule ubao wa majina. Nilipewa mtoto aliyeitwa Neema, miaka sita, mwenye kikohozi kisichokwisha na kiganja chenye jasho, na nilimwonea haya mbele ya wenzangu.

Risasi zilikuja wakati wa hesabu, jua likiwa bado halijapanda sana. Kwanza zilisikika mbali, kama mtu anayepasua mianzi, halafu zikawa upande wa soko. Mama Zawadi hakupaza sauti. Aligonga meza mara tatu, ukuta ukaanguka nje, nikamshika Neema tukakimbia. Majani ya mihogo yalinichapa usoni. Nilisikia pumzi yangu tu. Kulikuwa na mlio mmoja mkubwa nyuma yetu, na baada ya hapo nakumbuka nikiwa mtoni, maji yakinifika magotini, na mkono wangu ukiwa mtupu.

Sikuangushwa, wala hakuna aliyenivuta. Nilimwachia kwa sababu alikuwa mzito na mimi nilitaka kuishi. Mwalimu alipotuhesabu chini ya ukingo, nilitazama maji. Baraka alikuwepo. Neema hakuwepo. Mama Zawadi aliniangalia mara moja, akapanda tena kijia kile akiburuta mguu wake, huku milio ikiendelea. Sijui alichelewa muda gani. Najua kwamba nilimwomba Mungu aniadhibu mimi, na papo hapo nikamwomba asinisikie.

Alirudi amembeba Neema mgongoni. Alimkuta amechuchumaa kati ya mihogo, palepale nilipomwachia, akingoja. Mtoto alishuka, akaja mpaka kwangu, akanishika tena mkono. "Dada, ulienda wapi?" aliuliza. Hakuwa analaumu. Alitaka kujua.

Siku ile hakuna mtoto aliyekufa, katika shule yetu wala katika shule ya matofali. Kule walilala sakafuni mpaka kukatulia, wakarudi kwenye hesabu. Kwa hiyo Papa hakukubali kamwe kwamba Mama alikuwa amechagua vizuri, na Mama hakumwomba akubali. Nilifaulu mtihani kwa shida. Waliosoma kule walinipita mbali. Kuhusu mkono wa Neema, Mama alifariki kabla sijamwambia.

Mwaka huu ni mimi ninayehamishwa na kazi, kutoka Butembo kwenda Kisangani. Kwa wiki mbili nimezungumza kwa simu na madirekta, nikiuliza kuhusu Kifaransa, kompyuta na idadi ya watoto darasani, maswali ambayo Papa angeyapenda, si lile la Mama. Wananijibu kwa adabu na kunitumia picha. Juzi binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao wakati ule, alinijia akiwa na machozi, akasema anaogopa kwamba huko watamcheka kwa namna anavyozungumza. Nilimvuta karibu nikangoja aseme lililobaki. Hakukuwa na lingine. Nilikaa naye kitandani nikimbembeleza, nikamwonea wivu kwa hofu ile moja tu, mtoto wangu mwenyewe.