Maji ya Sombe kwenye Nyumba ya Ngazi

Mpaka leo, nikisikia harufu ya sombe mbichi, yale majani ya muhogo, ikioshwa, mikono yangu inatoka jasho. Wajukuu hunicheka. Wacheke tu, hawakuwa Beni, huku Kongo, mwaka ule waasi walipoingia.

Tulikaa katikati ya mji, kwenye nyumba ya matofali yenye etaje, ghorofa moja juu, iliyoachwa na Mubeleji mmoja aliyekimbia baada ya uhuru. Alikuwa ameiga nyumba za kizamani za mji wa mababu zake, basi ukuta wa mbele ulipanda hadi juu ya paa kwa vidato. Sisi watoto tuliiita Nyumba ya Ngazi, na mimi niliamini kabisa kwamba Mubeleji alipandaga pale kusalimia Mungu. Serikali ilimpa baba nyumba ile kwa kuwa alikuwa mwalimu, ametumwa kutoka Kasai. Hiyo ndiyo iliyotuponza. Waasi waliwatafuta walimu na makarani wawaue, na nani hakujua mwalimu anakaa wapi, ikiwa nyumba yenyewe inaonekana toka sokoni?

Asubuhi hiyo tuliwasikia wakiimba barabarani. Baba alipanda darini, nyuma ya vile vidato, mama akaficha ngazi ya miti. Mimi nilikuwa uani nikiosha sombe. Mama akaninyang'anya beseni, akamwaga maji yote kwenye kizingiti. Kisha akamfunga mdogo wangu Zakaria kwa kikwembe toka kichwani hadi miguuni. Zakaria, aliyekuwa ameshaota meno na anakimbiza kuku!

Walikuja na mikuki, na majani vichwani. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu, aliinua mguu aingie.

"Hapana kukanyaga, baba!" mama alisema. "Nimezaa juzi tu. Hiyo mayi nimeoshea mutoto."

Mguu ukabaki hewani. Sokoni kila mtu alijua kwamba dawa waliyochanjwa ili risasi zisiwaingie ilikuwa na miiko yake, na mwanamke aliyetoka kuzaa alikuwa mwiko mkubwa.

Sasa, mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, alituchapa fimbo kwa uongo hata uwe mdogo namna gani. Nilishangaa mno, kinywa kikafunguka chenyewe.

"Lakini mama, ile mayi ni ya..."

Akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino.

"Ya mutoto," nikamalizia, machozi yakinitoka.

Yule mkubwa akatazama chini. Jani la sombe lilikuwa limenata kwenye sementi, karibu na kiatu chake. Alilitazama kwa muda mrefu. Juu yetu ubao wa dari ukalia mara moja, na mimi nikajua baba yangu amekufa. Yule mtu akarudisha mguu.

"Twende," aliwaambia wenzake. "Humu iko muzazi. Mutu asiingie."

Miaka mingi tulicheka mezani jinsi mama alivyowadanganya waasi, na baba alicheka kuliko wote. Siku hizi nyumba ile imewekewa kibao: inalindwa, ni marufuku kuibomoa. Majuzi nilisimama mbele ya kibao hicho. Kizingiti ni kilekile. Nikalikumbuka lile jani, na namna alivyolitazama.

Jamani, nilivyokuwa mjinga! Mtu mzima wa huku kwetu, aliyelishwa na mama yake, asijue sombe? Mama hakumdanganya. Alimpa tu neno la kuwaambia wenzake, naye akalipokea.