Upako Juu ya Mashine

Nimewaona wajinga, lakini supavaiza wetu alikuwa amehitimu. Kiwanda kilikuwa cha kusaga plastiki kuukuu, mwendo wa miguu tu kutoka mtaa wetu wa Kware. Mashine ililishwa kutoka juu: unapanda jukwaa dogo la chuma, unasukuma mitungi na beseni zilizovunjika mdomoni mwake, na chini visu vinazunguka. Mdomo ule ulikuwa na kifuniko. Supavaiza alikiondoa, eti kinachelewesha kazi, akakigeuza meza ya kuwekea chai yake.

Aliyelisha mashine alikuwa jirani yangu wa ploti. Jumapili akitoka kanisani alisuka watu nywele mlangoni kwake, na jameni, yule mama alijua kusuka! Alikuwa akijinyima ili akodi kibanda cha ususi aachane na kiwanda. Vidole vyake ndivyo vilikuwa mali yake yote.

Siku moja mtungi ulikwama, akausukuma, visu vikanyakua mkono wa koti lake. Koti likararuka, yeye akapona. Mwenye akili angerudisha kifuniko siku hiyo hiyo. Hata mtoto wa sande skuli anajua: jisaidie, Mungu naye akusaidie. Huyu wetu alitangaza kwamba shetani ameingia kiwandani.

Kesho yake kabla ya zamu akatupanga foleni, akakemea mapepo hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akafungua chupa ya mafuta ya kupikia, akaipaka mashine: mdomo, swichi, ngazi, jukwaa. Kupaka gani? Alimwaga! Mafuta juu ya chuma, pale pale mtu anaposimama juu ya visu. Nilichemka kwa hasira.

"Pasta," nikamwambia, maana alipenda kuitwa hivyo, "hapo juu patateleza. Wacha nipanguze na gunia kwanza."

Akanitazama kwa huruma ya watu waliookoka kuliko wengine.

"Mama, upako haupanguzwi."

Na vibarua wenzangu wakasema amina. Amina! Watu wazima, ambao nyumbani tone la mafuta likianguka sakafuni wanafokea nyumba nzima. Nikachukua gunia hata hivyo. Akaninyang'anya, akanituma nje nikapakue lori.

"Wacha tu," jirani yangu akaninong'oneza, "nitajishikilia." Angefanyaje? Getini walijaa wanaotafuta kazi, na kibarua akikataa kupanda anaitwa mwingine.

Nilikuwa bado kwenye lori niliposikia ukemi. Jirani yangu alikuwa ameteleza, akatanguliza mkono wa kulia ili asitumbukie mzima mzima. Hadi mtu alipozima mashine, visu vilikuwa vimemaliza kazi.

Supavaiza alikuja hospitali na mkate na soda, uso umejaa ushindi. Akatueleza kwamba shetani alikusudia kuua kabisa, ila upako ulimzuia. Nilitamani kumrushia ile soda. Jirani yangu alikuwa amelala, mkono wa kulia umeishia kwenye kifundo, umefungwa bandeji. Supavaiza akajisogeza kando ya kitanda chake, akafumba macho.

"Tushikane mikono, tuombe."

Jirani yangu akamwuliza:

"Ushike upi, pasta?"

Hakufumbua macho. Alikuwa ameshaanza kuomba.