Kati ya Jipu na Remoki

Mimi ni Mama Asumani wa mtaa wa Mapendo, muuza vitenge. Nawaelezea haya ninyi mliolala na mifupa iliyovunjika, mkidhani ndiyo mwisho. Na mimi nililala hivyo.

Zamani nilikuwa mtu wa mbio. Tulikuwa na gari, jipu kubwa la kunywa esansi, yaani petroli, la kubeba familia nzima. Mume wangu akanunua na remoki, tela lenye nyumba ndani, vitanda na jiko, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Tukienda harusi au matanga ya mbali, jipu liliivuta, na tukifika watoto walilala humo.

Siku ile tulikuwa Munigi kwa shemeji yangu, tunajiandaa kurudi. Remoki ilisimama kwenye mteremko, jiwe moja tu chini ya gurudumu. Mume wangu akarudisha jipu nyuma. Mimi nikasimama katikati, niongoze chuma cha remoki kikae kwenye ndoano ya jipu.

"Rudi, Papa Asumani. Rudi kidogo."

Jiwe likateleza. Remoki ikashuka yenyewe, ikanibana kwenye mlango wa nyuma wa jipu. Nilisikia mfupa kabla ya maumivu, kama muwa unavyovunjwa. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mume wangu aliniona kwenye kioo, akacheka. Alidhani nami nacheka.

Shemeji ndiye aliyepiga kelele: "Usisogeze gari! Mama amebanwa!" Wanaume wakaisukuma remoki nyuma, nikaanguka chini.

Hospitalini nilikojoa damu. Daktari akasema, "Mama, nyonga imepasuka na kibofu kimeumia. Tunakupasua leo." Wakaniwekea mpira wa mkojo. Nililala chali mpaka mgongo ukatoka vidonda, dada yangu akinigeuza na kuniosha kama mtoto mchanga. Mshono ukaoza, ukanuka, wakaufungua tena. Katika homa ile nilimwona mume wangu kwenye kioo, anacheka, tena na tena.

Mwenyewe alikaa kwenye korido, haingii. Nikaomba aitwe.

"Juu ya nini hauniangalie?"

"Niliona kinywa yako," akasema. "Ulikuwa unakufa, na miye nilikuwa nacheka."

Tulilia sote wawili. Kisha nikamwambia, "Leta mukono. Nisaidie nikae."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kuketi. Baadaye nikasimama kwa magongo, nikaanguka, nikasimama tena. Leo natembea kwa kuchechemea, na mvua ikikaribia nyonga inaniuma kabla ya wingu kuonekana.

Namshukuru Mungu, na daktari, na dada yangu aliyeniosha bila kuziba pua. Ninyi mnaovuta remoki, zuieni magurudumu yote, na mtu asisimame katikati hata kidogo. Ninyi wagonjwa, muiteni yule anayeogopa kuingia.

Nimepona. Lakini juzi, mtaani Katindo, gari la mtu nisiyemjua lilirudi nyuma polepole, mbali na mimi. Nilishika ukuta mpaka likaondoka, kisha nikaendelea na safari yangu.