Dosie ya Papa Neema na Simu ya Ng'ambo

Mwaka ule Rusizi nzima, wilaya yetu ya Rwanda iliyo mpakani na Kongo, ilikula viazi vitamu. Asubuhi viazi, mchana viazi na maharagwe, jioni viazi na sambaza, visamaki vyetu vidogo, ikiwa ziwa limekubali kutoa. Mihogo ya Gashonga ilikuwa imeoza ardhini kwa ugonjwa, bugali ukawa kitu cha kuota usingizini, na watoto wakiambiwa shuleni wachore chakula walichora kiazi. Mwaka wenyewe sikumbuki kwa namba. Ninaukumbuka kwa kiazi kimoja cha kuchemsha kilichokuwa mfukoni mwa koti langu siku niliyoingia kazi ya kompyuta. Kilikuwa bado cha moto, kikanichoma paja wakati wote bosi akinihoji, nami sikupepesa jicho.

Bosi huyo tulimwita Papa Directeur. Alikuwa na cyber pale Cyangugu chini, karibu na ziwa, nyumba ya mashine sita ambamo watu waliokosa kompyuta walikuja kusoma na kutuma barua pepe. Alivaa tai hata Jumamosi, na kanisani aliimba besi mpaka benchi likatetemeka.

"Maman Jeanne," akaniuliza, "weye unajua nini juu ya ordinateur?"

"Ninajua inakula umeme na haishibi."

Alicheka mpaka tai ikahama. Nikapata kazi. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, kule Bukavu, upande wa Kongo, nilikokulia kabla ya kurudi huku, na tayari nilikuwa na mjukuu mgongoni. Msinionee huruma, bajukuu. Kusoma nilijua. Kuuliza nilijua zaidi.

Nilianza kwa kufagia na kupangusa vioo. Haukupita muda nikawa ninawafungulia watu masanduku yao ya barua, kwa sababu wachuuzi wa mpakani walikuja na magamba ya samaki mikononi na waliogopa kuchafua vitufe. Muntu ananinong'oneza neno lake la siri, ninaandika, kisha ninalisahau papo hapo. Kusahau kulikuwa sehemu ya kazi.

Halafu likaja jambo la wingu. Watu walisema barua zinakaa katika wingu, nami nikachungulia juu kama mjinga. Papa Directeur alinielewesha wakati wa chakula. Alipanga sahani tatu mezani. Hii ni simu, akasema, hii ni kompyuta, na hii ya katikati ndiyo wingu: mashine kubwa ya watu wengine, mbali, isiyozimwa. Akaweka maharagwe matano katika kila sahani. Kisha akala haragwe moja kutoka sahani ya simu, akatoa moja katika sahani ya wingu, akatoa na moja katika sahani ya kompyuta. Huko ndiko kusawazisha. Sahani zinaambiana. Ukitoa huku, inatoka kote, na mwenye sahani nyingine hata haulizwi. Nilikaa nikitazama yale maharagwe mpaka yakapoa. Nilifurahi kama muntu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta alioupita kila siku.

Baadaye alinipeleka kwenye tawi lake dogo pale juu ya daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, chini ya msimamizi wake, Madame Gérante. Mama yule hakucheka wala hakuinua sauti. Mteja akija analia kwamba dosie yake imepotea (dosie ni kama kabati dogo ndani ya sanduku la barua, unalipa jina na kupanga barua humo), sisi wafanyakazi tulikimbilia kubofya. Yeye alitupiga vidole kwa rula. "Kwanza uliza, kisha uguse," alisema. "Sanduku hili linafunguliwa na nani mwingine? Kwenye simu gani?"

Mkono wake uliniuma, lakini ulinifundisha. Nilijifunza kwamba dosie nyingi hazipotei, zinajificha. Kuna iliyotolewa alama tu katika orodha, ipo lakini haionyeshwi. Kuna iliyokokotwa kwa bahati mbaya na kidole kizito ikaangukia ndani ya nyingine. Mchungaji mmoja alilia kwamba dosie ya Ubatizo imepotea, nikaikuta imelala kimya ndani ya dosie ya Mazishi. Kuna sanduku lililojaa mpaka likakataa kuonyesha kitu kipya. Na kuna pipa la taka, ambalo linashika kilichofutwa kwa muda, kisha linajimwaga lenyewe. Kila nilipoirudisha dosie ya muntu nilipiga makofi peke yangu. Madame Gérante alinitazama kama muntu anayetazama mbuzi aliyepanda meza. Sikujali.

Niliporudi Cyangugu nilikuwa fundi. Na ndipo ikaja dosie ninayotaka kuwaambia.

Papa Neema alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Mashine ya nne, ile ya dirishani, ilikuwa kama yake. Wimbo ukimjia njiani aliuimba ndani ya simu, akajitumia mwenyewe kwa barua pepe, akaja kuupanga katika dosie aliyoiita NYIMBO. Mtandao wetu ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo nilikuwa nimeiwekea mashine ile programu ya barua na kuiamuru ihifadhi barua nzima ndani yake, si vichwa tu, ili asome hata mtandao ukilala. Kisha akaugua, akafa. Mashine ya nne nayo ikawa nzito, ikawekwa stoo chini ya mifuko ya saruji.

Kabla ya kufa alimwambia mke wake kwamba ametunga wimbo mmoja kwa ajili yake, na kwamba atamwimbia akipona. Hakupona. Wimbo ukabaki ndani ya dosie, haujasikiwa na sikio lingine. Maman Neema alikuja siku moja nikamfungulia sanduku la mume wake kwenye mashine mpya, tukaiona barua ya wimbo ule, ya mwisho kabisa. Alitazama, akafunga mkoba. "Bado," alisema. "Roho haijakubali."

Roho ilikubali wiki ile familia ilipokuwa inajiandaa kumkumbuka marehemu, mwaka ukiwa umetimia. Kwaya ilikuwa tayari kujifunza wimbo huo kwa ajili ya Jumamosi. Maman Neema akaja Alhamisi asubuhi, amevaa vizuri kama muntu anayekwenda kumpokea mgeni. Nikafungua. Dosie ya NYIMBO haikuwepo.

Nilitafuta katika orodha iliyofichwa, ndani ya dosie nyingine, kwenye pipa. Pipa lilikuwa jeupe. Na wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu tuione barua ile; pipa halijimwagi haraka hivyo. Kuna mkono uliolimwaga. Nikakumbuka rula.

"Maman Neema, hili sanduku nani mwingine analifungua?"

"Hakuna muntu. Ni mimi na weye."

"Na simu ya marehemu iko wapi?"

Alinitazama kama nimeuliza viatu vya marehemu viko wapi. Kwa kweli vilikuwa mahali pamoja. Siku ya kumaliza matanga, ukoo uligawa vitu vyake kama inavyotakiwa: koti kwa huyu, radio kwa yule, viatu na simu kwa mdogo wake, shemeji Déo, anayekaa Kadutu, Bukavu. Nani angefikiri kwamba ndani ya simu ile mlikuwa na sanduku zima, bado wazi, bado linaambiana na wingu? Sisi tuligawa simu. Kumbe tuligawa na sahani ya maharagwe.

Tulivuka daraja tukiwa na vitambulisho mkononi, katikati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya na wabebaji wanaopiga kelele wapishwe. Maman Neema alitembea mbele yangu, na yeye ndiye mwenye magoti mabovu.

Shemeji Déo ni mshona viatu, muntu mwema, mcheshi. Alifurahi kutuona mpaka akaangusha sindano. Tulipouliza simu aliitoa mfukoni kwa fahari, akaipangusa kwenye shati.

"Tazameni vile iko safi! Ilikuwa inalia kila siku ati imejaa, imejaa. Juzi nikakaa chini, nikatosha bintu byote bya bure. Mpaka pipa nikamwaga."

"Shemeji," Maman Neema akasema polepole, "mule ndani mulikuwa sauti ya mukubwa wako."

Mkono ule wenye simu ulishuka wenyewe. Maman Neema aliketi juu ya rundo la soli, na yule mwanamume akapiga magoti mbele yake, hajui ashike nini. Hakuna aliyelia. Ingekuwa afadhali wangelia.

Mimi nilikuwa ninahesabu sahani. Ya simu, tupu. Ya wingu, tupu. Ya mashine mpya, tupu, maana ile ilisoma tu kutoka mawinguni. Sahani nyingine iko wapi? Nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Mashine ya nne! Ililala stoo kabla Déo hajasafisha kitu. Haikuambiwa. Haikuwa inajua kwamba maharagwe yameliwa.

Nikampigia Papa Directeur. Nikamwambia atoe mashine ya nne chini ya saruji, dosie iko mule. Alipiga ukelele wa besi katika sikio langu, akasema anaitoa sasa hivi. Na kabla sijasema neno lililokuwa muhimu kuliko yote, simu ikakatika. Huko kwenye kilima mtandao wa Rwanda unakuja na kuondoka unavyotaka. Simu ya Déo haikuwa na salio la kupiga ng'ambo, nikapiga tena kwa yangu. Hakuna.

Bajukuu, mnaelewa? Mashine ile ikiwashwa na kamba ya mtandao imechomekwa, kitu cha kwanza itakachofanya ni kuliuliza wingu: kuna habari gani? Wingu litajibu: NYIMBO imefutwa. Nayo, mtiifu kama askari, itafuta. Papa Directeur anapenda mtandao kama wengine wanavyopenda chumvi. Ataichomeka.

Tulishuka kutoka Kadutu kwa pikipiki mbili, mimi nimemshika dereva kiunoni nikimwambia aende kama ameiba. Mpakani nilipita katikati ya foleni nikiomba msamaha kwa lugha nne. Daraja lile nililipita nikiwa nimevua viatu, na afisa mmoja akaniuliza, "Koko, bibi yangu, nani anakufukuza?" Nikamjibu ni wingu.

Niliingia cyber nikihema. Mashine ya nne ilikuwa mezani, imepanguswa inang'aa, nusu ya kwaya imeizunguka. Vumbi la saruji lilikuwa limeziba matundu yake, na kulikwangua ndiko kulikokuwa kumemchelewesha bosi. Sasa alikuwa amepiga magoti nyuma yake, tai begani, kamba ya mtandao mkononi, anapapasa mahali pa kuichomeka.

Niliinyakua ile kamba.

"Maman Jeanne, unafanya nini? Iunganishe, wingu lituletee barua."

"Siunganishi. Mwenye kukasirika akasirike."

Papa Directeur akainuka taratibu. Hakuwa amezoea kukatazwa katika nyumba yake, mbele ya sauti ya kwanza na ya pili. Aliniuliza mkubwa hapa ni nani. Nikamwambia ni wewe, na ni wewe uliyenipangia sahani tatu mezani. Hii ndiyo sahani ya mwisho yenye maharagwe.

Niliona macho yake yakienda mbali, yakarudi. Akaitazama kamba mkononi mwangu kama muntu anayetazama nyoka aliyekuwa amemlalia mapajani. "Yesu," akasema. Kisha akaenda mwenyewe, akazima mtandao wa nyumba nzima, wateja wakanung'unika.

Maman Neema alipofika na magoti yake, tukawasha. Mashine ya nne ilikohoa, ikafikiri, ikafikiri tena. Programu ikafunguka. NYIMBO ilikuwa pale, imekaa mahali pake kama haijawahi kusumbua muntu. Kwanza kabisa nilihamisha barua zote kwenda dosie za hapa hapa, zile ambazo programu inazishika ndani ya mashine na haizisawazishi na muntu. Pili nikazinakili kwenye flash. Ndipo nikampisha Maman Neema kiti, naye akabofya kwa kidole chake.

Papa Neema alikohoa. Akasema jina la mke wake, lile la nyumbani ambalo sitalitaja. Akaimba. Katikati alisahau maneno akacheka mwenyewe, akarudia. Maman Neema alifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakacheza, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka naye. Papa Directeur alianza kuitafuta besi chini chini. Jumamosi shemeji Déo alisimama mstari wa mbele, simu imezimwa, akaimba kuliko wote.

Sasa nimestaafu. Simu za mkononi ziliimaliza cyber, kila muntu anabeba yake. Siku ya kufunga, Papa Directeur aliniuliza ninataka nini cha kukumbukia kazi. Nikasema mashine ya nne. Iko sebuleni kwangu Gashonga, chini ya kitambaa cha krosheti, na siku za mvua kuku wanalala karibu nayo.

Mnaniuliza kazi ile ilikuwa nini. Ilikuwa kumwuliza muntu habari za jamaa zake mpaka kompyuta ieleweke. Na vitu vya marehemu vikigawiwa, fungeni kwanza sanduku lake, ndipo mtoe simu. Hilo ninyi mnalijua leo kwa sababu sisi tulilikimbilia bila viatu.

Maman Neema bado anakuja. Wimbo anao kwenye simu, lakini nyimbo nyingine, zile za zamani, anazisikiliza hapa, moja tu kila akija. Hataki kuzimaliza haraka. Jumapili iliyopita alikuwa ameshika kikombe cha chai, amefungua ya siku hiyo, mjukuu wangu Ange alipoingia. Ange anasomea mambo haya, ana akili kama sindano, ninajivuna naye sokoni.

"Koko, hii machine imezeeka. Acha niiunganishe na simu yangu kidogo tu, ijipange upya. Si mulishanakili byote?"

Anasema kweli. Zimenakiliwa, zimehamishwa, hakuna kitakachofutika. Najua hilo kuliko yeye. Lakini kikombe cha Maman Neema kilikuwa kimesimama hewani, hakijafika mdomoni, na macho yake yalikuwa juu yangu.

"Siunganishi. Mwenye kukasirika akasirike."