Mstari Mtupu katika Kapu la Majina

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, hapa mwanzoni, maana huko tuendako kicheko ni cha kuokoteza.

Alikuwapo mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa majina watu wasiozaliwa. Si wachanga, la, watu wa hadithini. Mwandishi ameketi kwake anaandika kitabu, ana mwizi wake, ana bibi harusi wake, ana askari wake mwenye kitambi, wote wamejazana mlangoni wanangoja kuingia kwenye hadithi, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Basi anafungua tovuti iitwayo Kapu la Majina, anabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, na kapu linapekua tumbo lake na kumtolea jina moja. Hakulipenda? Abonyeze tena. Wako waliobonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Na yupo mmoja, wanasema, aliyebonyeza miaka mingi mpaka mhusika wake akazeeka, akafa, akazikwa bila jina.

Mwenye kapu hilo mtaani walimwita Dada Kapu. Aliyembandika jina hilo ni fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi za nyumba yao, mtu mwenye ulimi mrefu kuliko futi yake ya kupimia.

"Dada Kapu, leo umezaa wangapi?" humtania kila apitapo na mkate kwapani.

"Mia nne tangu asubuhi, na hakuna aliyelia hata mmoja."

"Na baba zao?"

"Wako makwao wanaandika."

"Basi itafutie na suruali hii jina, maana mwenyewe kaikimbia mwezi wa tatu huu."

Wakicheka, yeye hupanda ghorofani kwenda kulifagia kapu lake. Maana watu hudhani kapu la namna hiyo likishatengenezwa limetengenezwa. Thubutu! Kila siku lina takataka zake. Leo mwandishi analalamika kwamba amepewa jina lilelile mara mbili. Kesho mwingine analeta habari kwamba jina fulani, kwa watu wa kwao, ni tusi la nguoni. Keshokutwa linakuja roboti la mtandaoni lisilojulikana limetokea wapi, linabonyeza kitufe mara elfu kumi kwa dakika moja, na tovuti nzima inaanguka kifudifudi. Kompyuta yenyewe ilikuwa kizee, feni yake ikiunguruma kama tumbo la mwenye njaa, na mguu mmoja mfupi wa meza yake alikuwa ameuwekea kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne.

Lakini takataka kubwa kuliko zote ilikuwa mistari mitupu. Majina yalikaa kwenye orodha ndefu, kila jina na mstari wake, elfu sita na ushei. Sasa mashine, msiitukuze bure, haijui kusoma. Yenyewe huhesabu mistari, ikachagua mmoja bila kuangalia, ikakupa kilichomo. Likiwamo jina, utapata jina. Ikiwamo hewa, utapewa hewa. Ndiyo maana kila Jumamosi Dada Kapu alipitisha kidole kwenye skrini kutoka juu mpaka chini, akitafuta mstari mtupu ili auzibe.

Wote aliuziba, isipokuwa mmoja. Huo alikuwa akifika anauruka, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika ndani ya nyumba aliyoizoea.

Kapu lilianzishwa na kaka yake. Huyo alitaka kuandika riwaya. Akaandika sentensi ya kwanza, akakwama, kwa kuwa shujaa wake hakuwa na jina. Badala ya kumpa lolote aendelee, akatengeneza mashine ya kumtafutia. Ikamchukua mwaka mzima, na riwaya hadi leo ina sentensi moja.

Majina ya kuanzia yalitoka kinywani kwa mama yao. Mama huyo kwa miaka thelathini alikuwa karani wa dirishani kwenye zahanati. Kazi yake ilikuwa kupokea kadi za wagonjwa na kuwaita waingie kwa daktari. Sauti yake! Akiita jina moja, wanasimama watatu. Wanasema siku moja aliita jina la mgonjwa, akaitika muuza mkaa aliyekuwa anapita zake barabarani, akaingia, akachomwa sindano, akashukuru. Na alikuwa na sheria yake: mgonjwa anaitwa mara tatu. Asipoitika, kadi yake hairudishwi chini ya rundo. Inawekwa kando, pembeni mwa dirisha, ili akija asipoteze zamu yake.

Hakuna jina lililopita dirishani pale likamtoka. Basi jioni akiwa anachambua mchele, aliyataja moja moja, bila majina ya ukoo, ili mgonjwa wa watu asije akajikuta kitabuni na vidonda vyake. Kaka mtu aliandika, dada mtu alikagua herufi. Siku ya mwisho mama akalitaja jina la mwanawe mwenyewe, huyo kaka mtu.

"Na wewe ingia humo," alimwambia. "Usijifanye mwenye duka."

Akaingia, huku akicheka. Na yeye naye akaweka sheria yake: kapuni hakuna jina linalosukumwa mbele, wala linalofichwa nyuma. Yote sawa.

Kaka mtu aliugua Jumatatu. Ijumaa hakuwapo tena. Homa tu, wala haikuwa na jina la maana.

Dada Kapu akalirithi kapu. Alijifunza kazi kwa madaftari ya marehemu, ukurasa kwa ukurasa, akifuata mwandiko uliokuwa ukilala upande kama mtu mwenye usingizi. Mwaka wa pili akaletewa barua na mwandishi mwenye furaha tele.

"Asante sana, Kapu!" mwandishi aliandika. "Hatimaye nimempata muuaji wangu. Anatia sumu visima vya kijiji kizima, na mwishoni ananyongwa. Jina mlilonipa limemkaa sawasawa, utadhani alizaliwa nalo."

Jina lilikuwa la kaka yake.

Aliisoma tena na tena mpaka chai ikaota ngozi. Kisha akaufungua mstari ule, akalifuta jina, herufi moja moja, kutoka mwisho kuja mwanzo, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Mstari wenyewe hakuuziba. Mkono ulikataa. Akauacha wazi, kama kiti mezani. Mwandishi atakayeangukia hapo atapewa hewa, ataudhika, atabonyeza tena. Hakumwambia mtu. Mama yake ndiye hasa ambaye hakumwambia.

Miaka minne baadaye, asubuhi moja mama aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, yule mwenzio... kaka yako. Aliitwa nani?"

Dada Kapu alifungua kinywa. Mama akanyoosha mkono kama anayesimamisha gari.

"Usiniambie! We! Usithubutu. Mimi nimeita majina miaka thelathini, leo niitiwe la mwanangu? Ukinitajia tu, ujue umenizika." Akatazama huku na huku, akaiona kompyuta. "Si nililitia mwenyewe mle? Basi limo. Nitakaa nalo litoke. Nikiliona nitalijua."

Tangu siku hiyo alikokota kiti chake kila asubuhi baada ya chai, akavaa miwani, akabonyeza. Alisoma kila jina kwa sauti, akalionja, akatikisa kichwa. "Siye." Akabonyeza. "Huyu alikuwa na pumu. Siye." Akabonyeza. Mia moja kwa siku, mia mbili akiwa na nguvu. Fundi cherehani akaanza kuitika kutoka chini ya ngazi kwa mzaha, "Nipo, mama, ila naumwa mgongo!" na mama akamjibu, "Panga mstari, mvunja foleni wee!" Nyumba ikawa na kelele nzuri, na ndani ya kelele hizo Dada Kapu alikuwa akiungua.

Kwa nini hakulirudisha jina palepale? Kazi ya dakika moja. Wala hakuogopa kuulizwa kwa nini alilifuta. Aliogopa jambo jingine. Maadamu jina halimo kapuni, mama ni mtu ambaye hajalipata tu. Anatafuta, na kesho ipo. Lakini likirudishwa, likatokea mbele yake, akalisoma, akatikisa kichwa akasema "siye", itakuwaje? Hapo ndipo kaka yake atakapokufa mara ya pili, na safari hii ndani ya mama yake. Basi akanyamaza. Alimletea mama maji, akampangusia miwani, akamwacha atafute kitu alichokuwa amekiondoa yeye.

Miezi ikapita hivyo. Mama akapungua. Kuna siku alimwita bintiye "mwanangu", kuna siku akamwita "nesi", na kuna siku hakumwita chochote.

Asubuhi moja ya mvua kidole cha mama kilibonyeza, halafu kikakaa hapohapo. Hakusoma kitu. Dada Kapu, aliyekuwa anakunja nguo, akageuka. Skrini ilikuwa nyeupe. Katika mistari yote elfu sita, kapu lilikuwa limeutoa ule.

"Kadi hii tupu," mama alisema.

"Bonyeza tena, mama. Ni hitilafu tu."

"Hitilafu gani? Kadi ipo, na mtu yupo. Nani kamfuta jina?" Akavua miwani. Sauti yake ya dirishani ilikuwa imekwisha, imebaki ndogo. "Au ni mimi? Nesi, niambie kweli. Pengine sikuwahi kuwa na mtoto wa kiume. Pengine namsingizia Mungu."

Dada Kapu akaiacha nguo aliyokuwa anaikunja, akamsogelea.

"Ulikuwa naye, mama. Haki ya Mungu ulikuwa naye. Mimi ndiye niliyeharibu kadi yake. Ninaiandika upya sasa hivi."

"Iandike," mama alisema, bila hasira. "Mgonjwa hawezi kukaa benchi siku nzima bila kadi."

Akampisha kiti. Dada Kapu akaenda kwenye mstari ule na kuandika jina, herufi moja moja, safari hii kutoka mwanzo kwenda mwisho. Vidole vilikosea mara mbili. Lilipokaa mahali pake, alijua kwamba kwa bahati tupu linaweza kuchukua mwezi kutokea, au mwaka, na mama hakuwa na mwaka wa kuchezea. Basi akaivunja na sheria ya marehemu. Alilisukuma jina mbele. Aliiamuru mashine kwamba kitufe kikibonyezwa kwenye kompyuta hii, safari hii moja, litoke hilo.

"Haya, mama."

Mama akavaa miwani. Akabonyeza.

Jina likatokea, jeusi, kubwa, katikati ya skrini.

Mama hakusema "siye". Wala hakusema "ndiye". Alilitazama kitambo kirefu, midomo ikichezacheza, na mvua ikiendelea na shughuli zake dirishani. Kisha mgongo ukanyooka. Kidevu kikainuka. Na ile sauti iliyodhaniwa imekwisha ikatoka kifuani, yote, ya miaka thelathini, akaliita jina la mwanawe hadi cherehani ya chini ikanyamaza.

Akangoja. Alitega sikio upande wa mlango.

Akaliita mara ya pili. Dada Kapu aliuma khanga yake.

Akaliita mara ya tatu, taratibu zaidi, kama mtu anayemwamsha mwingine bila kutaka kumshtua. Huko chini ya ngazi, fundi cherehani, mzaha wote ukiwa umemtoka, hakuitika. Hakuna aliyeitika.

"Hayupo," mama alisema. Akachukua kipande cha karatasi kisicho na kitu kilichokuwa karibu na kibodi, akakiweka pembeni mwa dirisha, akakilaza vizuri kwa kiganja. "Awekwe kando. Asipoteze zamu yake."

Kisha akabonyeza tena. Likatoka jina la mtu mwingine, wala halikuwa la yeyote wa nyumba ile, jina la mtu wa kuokota tu. Mama akaliita kwa sauti ileile, akatega sikio mlangoni.

Dada Kapu aliona ule uso uliokuwa unangoja, akashindwa kuuachia kimya kingine.

"Nipo," alisema. "Nipo hapa, mama."

Mama akamtazama juu ya miwani, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mgonjwa mgeni.

"Na wewe ukiitwa uwe unaitika upesi," akamwambia. "Mwenzio nimemwita mara tatu."