Ndevu za Mali

Mlio ndio ulionifikia kwanza, mwanangu, kabla sijaona kitu. Kwaru, kwaru, kwaru. Ulitoka nyuma ya pazia la pembe ya kuogea, kama panya anayeguguna gunzi kavu la mahindi, nami nikashika fagio nikijiambia leo nimempata. Nikalivuta pazia. Hapakuwa na panya. Alikuwa binti yangu Biira, mwenye miaka kumi na mitano, ameinamia kioo cha baba yake, wembe wa baba yake mkononi, anaukwangua mdomo wa juu ukiwa mkavu, bila maji wala sabuni. Damu ilikuwa imechora mstari mwembamba hadi kidevuni.

Fagio lilianguka lenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, tukiishi katika kambi ya polisi pale Kasese, magharibi mwa Uganda. Mimi ni mtoto wa kambi. Nilizaliwa kambini, nikakulia kambini, nikaolewa na askari, Mkonzo wa kule milimani Kyondo aliyenishinda kwa kicheko chake. Vyumba vya kambini hugawanywa kwa mapazia, na siri hukaa humo kama maji kwenye kikapu. Ndiyo maana nilipigwa na butwaa. Siri kubwa namna ile ilikuwa imeishi kwangu muhula mzima, nami sina habari.

"Wananipigia saluti," Biira akasema.

"Akina nani?"

"Darasa zima, Mama. Nikiingia wanasimama wima. 'Jambo afande! Heshima afande!' Wanasema sharubu zangu zimempita Baba."

Kisha akalitoa lile lililokuwa likimkaba hasa. Jumamosi hiyo kwaya ya shule yao ilikuwa inakwenda kushindana na shule nyingine, na mwalimu alikuwa amemchagua yeye aanzishe wimbo. Peke yake. Hatua mbele ya wenzake wote.

"Siendi," akasema. "Mwambie mwalimu nimeugua."

Mwanangu, laiti ungeisikia sauti ya mtoto yule! Asubuhi alipokuwa akichota maji bombani huku akiimba, askari waliotoka lindo walisimama na bunduki mabegani, usingizi umewaruka, wakamsikiliza mpaka ndoo ifurike. Nikajua kwamba akiufunga mdomo Jumamosi ile, huenda asiufungue tena. Msichana akijifunza kujificha, hujificha na vyote alivyo navyo.

Nilikuwa na maneno tayari ulimini: "Hizo ni nywele tu, Mungu hakosei." Nikayameza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Badala yake nikauliza, "Umeanza lini kuzikwangua?"

Akaenda kwenye sanduku lake akatoa kitubu cha mafuta, kimekamuliwa hadi kimekunjika kama jani la ndizi lililokauka. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mweupe kama maziwa. Rafiki yake anayetoka Bwera, mpakani mwa Kongo, ndiye aliyemnunulia. Mwanzoni uso uling'aa na nywele zikawa kama zimezama. Baadaye zikarudi, tena nyingi kuliko kwanza.

"Yameisha nguvu," akanieleza. "Lakini Bwera yapo makali zaidi, Mama. Mama anayeyauza anaitwa Mama Kavira."

Saluni ya mjini iliyokuwa na mashine za kung'oa nywele ilikuwa ya wake za wakubwa, si ya mke wa konstebo. Bwera ilikuwa karibu. Kesho yake nikamkosesha shule, tukapanda teksi, mtoto kajifunga leso usoni kama mwenye jino bovu. Moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa furaha! Nilijiona shujaa, nampeleka binti yangu kwenye dawa.

Soko la mpakani nalo halikuwa limepoa. Vitenge vinapepea, jogoo wamefungwa miguu, samaki wa chumvi wananuka upande huu na kahawa upande ule, Kikonzo na Kiswahili cha Kongo vinapigana kumbo. Mama Kavira tulimkuta katikati ya kibanda chake kama malkia, mwanamke mnene, kitenge cha rangi ya machungwa, na kidevuni mwake nywele chache zilizopindapinda, zimepakwa mafuta zikameremeta. Hakuzificha. Alikuwa akizichezea kwa vidole kama mzee anayewaza.

"Karibu, Mama. Hii mutoto iko na shida gani?"

Nikamfungua Biira leso. Mama Kavira akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nanasi, kisha akacheka kicheko kilichowaita wenye vibanda vya jirani.

"Shida? Mama, hii ni ndevu ya mali! Kwetu mwanamuke wa ndevu hakosake makuta, pesa iko tu. Angalia yangu!" Akavuta unywele mmoja. "Huyu alijenga nyumba ya mabati." Akavuta wa pili. "Huyu alisomesha batoto. Benye kukucheka beko wapi? Balete hapa! Beko na wivu tu."

Na Biira akacheka. Mwanangu, alicheka! Nilikuwa sijayaona meno yake tangu muhula uanze. Nikamkumbusha hata shangazi zake wa Kyondo, wanawake wenye ndevu mbili tatu na mashamba ya kahawa hadi ukingoni mwa kilima.

Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alipomaliza kuusifu udevu, Mama Kavira akainama chini ya meza akatuletea dawa ya kuuficha.

"Hii iko kali sana," akasema, na akanipa kitubu kikubwa.

Tulirudi Kasese tukiwa wepesi kama karatasi. Karibu na ua wa kambi palikuwa na nyumba ya Hajati Zulaika, Mnubi aliyezaliwa Bombo, ambaye mumewe aliendesha lori la mizigo kuvuka Kongo. Yeye ndiye aliyewaandaa maharusi wote wa Kiislamu pale mtaani. Alituona tunapita.

"Mama Biira! Mnatoka wapi na meno nje hivyo?"

Nikashindwa kujizuia. Nikakimbia barazani kwake nikamwonyesha kitubu changu na kumsimulia yote. Hajati akakifungua, akanusa, akamvuta Biira penye jua akamtazama ngozi. Tabasamu lake likashuka polepole.

"Mama Biira," akasema, "watu wanasema dawa ya moto ni moto. Hakuna aliyesema ni mafuta ya taa!"

"Kwa nini, Hajati?"

"Hii inachubua ngozi na kuita nywele. Binti wa dada yangu alijipaka, akaota mpaka mashavuni. Wewe ulikwenda kwa mwuzaji, ukakaa mbele yake, na kidevu chake hukukiona?"

Nikamtazama Biira. Biira akanitazama. Wote wawili tukaziona tena nywele za Mama Kavira zinavyometameta chini ya mafuta ya kibanda chake mwenyewe. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye ngazi, na Hajati akabaki kutushangaa, karipio lake limegeuka kichekesho.

Lakini karipio halikuwa limekwisha. "Mtoto akiumwa jino unampeleka kwa nesi. Akiota ndevu unampeleka sokoni. Kwa nini? Nywele za msichana wakati mwingine zinasema jambo la ndani. Mpeleke kwanza. Halafu njooni, nitapika halawa, ile sukari ya kung'olea nywele."

Basi kesho yake tukaenda kituo cha afya. Nesi alimwuliza Biira taratibu, mlango umefungwa: hedhi inakuja kila mwezi? Nywele zilikuja ghafla au kidogo kidogo? Sauti imekuwa nzito? Akasikiliza habari za shangazi wa Kyondo, akatabasamu. Mtoto alikuwa mzima, amerithi tu. Mafuta yale aliyaweka kando na kutuambia yaachwe, uso uoshwe kwa sabuni ya kawaida na upumzike, turudi auangalie tena. Nywele zisivutwe mpaka ngozi ipone.

"Anyoe, basi?" nikauliza kwa hofu. "Si zitarudi nene kama za mwanamume?"

"Mama, wembe unakata juu tu, haufiki kwenye shina," akasema. "Ncha iliyokatwa inakwaruza mkono, ndiyo maana watu wanadhani imenenepa. Anyoe, lakini si kwa wembe wa baba, wala si pakavu."

Tulipofika kwa Hajati harufu ya sukari na ndimu ilikuwa imekwisha kutupokea njiani. Alikuwa amechemsha sukari, maji ya ndimu na maji kidogo hadi vikawa rangi ya asali, na sasa anavikanda mkononi vikivutika kama utomvu. Nikamweleza neno la nesi.

"Kasema kweli," akajibu bila kinyongo. "Ngozi iliyochoka ukiivuta inakuja yote. Biira atasubiri. Lakini sukari yangu siitupi. Mama Biira, lete mkono!"

"Mimi?"

"Mama ndiye anayeonja chakula."

Akapaka, akabandika, akavuta. Mwanangu, nilipiga yowe lililovuka ua wa kambi! Askari wa zamu akaita kwa sauti ya amri, "Nani huko? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, afande!" Hajati akajibu. "Ni sukari tu!"

Biira alikuwa amelala kwenye mkeka kwa kicheko. Mkono wangu ulibaki mwekundu na laini kama shavu la mtoto mchanga. Hajati akamfundisha kila kitu siku ile: usiipake ikiwa ya moto, jaribu kwanza mkononi usubiri uone, usiguse penye kidonda wala kipele. Na Biira, akiwa bado anajifuta machozi ya kucheka, akaanza kuuimba chini chini wimbo wa Jumamosi. Hakuna aliyemwomba. Hajati akaiacha sukari mkononi, nami nikabaki na mkono juu, kama watu waliomwona ndege akitua.

Jumamosi asubuhi nikachemsha maji. Nikamkalisha karibu na dirisha, nikamlowesha uso kwa kitambaa cha moto kidogo, nikapaka povu la sabuni na kufungua wembe mpya ambao hakuna mwingine aliyekuwa ameugusa. Nikaishika ngozi ikanyooka, nikanyoa kufuata nywele zinakolala. Hapakuwa na kwaru wala damu, ulisikika mnong'ono tu. Alikuwa amefumba macho, pumzi yake ikinigonga vidoleni, nami nikakumbuka nilivyokuwa nikimwosha uso huo huo ukiwa mdogo kama ngumi yangu.

Ngoja nisimame hapa, mwanangu, kabla gari la kwaya halijapiga honi, nikuambie nililokusudia.

Kama ni wewe unayejikwangua gizani, toka. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na nywele wala si maradhi. Mwambie mama yako, au shangazi, au yeyote mwenye mkono mpole. Usimruhusu mtu akuuzie uso mwingine kwenye kitubu. Sabuni, maji ya moto kidogo na wembe ulio wako peke yako vinatosha, na ngozi ikiwa nzima, sukari na ndimu za jikoni zitakusaidia, ukianza na mkono. Nywele zikija kwa ghafla, au hedhi ikipotea, nenda kwa nesi wala usione haya. Na siku utakayotaka kuziacha, ziache. Uso ni wako.

Na kama wewe ni mama, usimwambie mtoto kwamba si kitu. Kwake ni kitu. Usikimbilie sokoni pia kabla hujakaa naye chini. Toa mkono wako uvutwe kwanza, upige yowe, naye acheke. Katika kicheko hicho ataanza kupona.

Haya, honi hiyo! Piiip, piiip, nje ya ua, na mimi nimemaliza mdomo wa juu tu. Kidevuni zilikuwa zimebaki nywele tatu, zimejikunja. Nikaunyanyua wembe haraka.

Biira akaushika mkono wangu. Akajitazama kiooni, akazigusa.

"Ziache, Mama. Hizi ni za mali."

Akajifuta povu, akavaa viatu, akaufungua mlango. Nje wenzake walikuwa wameshuka garini, wamejipanga mstari, mikono kwenye vipaji vya nyuso, wanajibana wasicheke. "Afande! Jambo, afande!" Nilimwona mgongo wake ukisita, nikajua sasa atarudi ndani, na kila kitu tulichokifanya kitakuwa maji yaliyomwagika.

Biira akanyoosha mabega. Kisha ile sauti, sauti yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya wimbo, ikatoka kifuani kama tarumbeta ya gwaride:

"Mguu pande!"

Na wale watoto, kabla hawajajua wanafanya nini, wakatanua miguu. Hata askari wa zamu langoni alitanua yake. Halafu kicheko kikapasuka, na safari hii Biira ndiye aliyekuwa akiongoza.

Akageuka kunitazama. Nikamwekea kiganja kichwani, kama ninavyokuwekea wewe sasa. "Nenda, mwanangu. Mungu akupe uso usioogopa mwanga. Wakucheke ukiwa umeshaanza kucheka. Na popote uingiapo, sauti yako itangulie."

Akaanza kuuimba mstari wa kwanza hapo hapo kizingitini, akatoka nao, na akauvuta mlango nyuma yake.