Jina Nililomficha Mahin

Nawakumbuka wote tuliokaa safu ya tatu siku ile, katika ukumbi ulio chini ya kanisa kule Agincourt, hapa hapa Toronto. Mimi nilikaa pembeni, karibu na mlango, maana sikai mahali nisipoweza kutoka. Kushoto kwangu wifi yangu Nabintu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Kushoto kwake Amisi wa Fizi, Mkongo mwenzetu, dereva wa basi la kwaya yetu. Na mbele yetu, juu ya kiti cha plastiki, amekumbatia gambusi lake la shingo ndefu, Mahin, jirani yangu wa Don Mills, mwimbaji kutoka Irani.

Mwanangu, nilikuwa na miaka thelathini na minane. Wewe utasema huo ni utu uzima. Mimi leo nasema nilikuwa mtoto.

Mlango wa Mahin ulitazamana na wangu, ghorofa ya nane. Mchana alishona nguo za watu, jioni akatunga nyimbo. Kwao mwanamke hakuruhusiwa kuimba peke yake mbele ya wanaume, naye aliimba, tena si mapenzi. Aliimba wafungwa, wachoma matofali, wanafunzi waliopotea. Ndiyo maana akakimbia. Hata hapa Toronto Wairani wenzake walimwita kwenye harusi wakimwambia, "Dada, ya magereza acha, watu wanataka kucheza." Alikataa, akarudi kwenye cherehani yake.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ana daftari. Akikutana na mtu kwenye chumba cha kufulia, anauliza: umetoka wapi, ulimwacha nani, anaitwa nani? Kisha anaandika. Kwetu niliwahi kumwona mtu wa namna hiyo. Alikuja shuleni kwa kaka yangu Asukulu, mwalimu, akaandika majina ya walimu kwa heshima zote, akashukuru. Wiki iliyofuata wenye bunduki wakaja na majina yale yale. Asukulu alichukuliwa chaki ikiwa mkononi, hatujamwona tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wangu mimi ni kalamu.

Basi nikamchunguza. Akifungua mlango wake, nami naacha upenyo kwenye wangu, natazama nani anaingia. Nikamwuliza Nabintu, "Mshona nguo gani anaandika hivi?"

Akacheka. "Wifi, hata mimi unanitazama hivyo hivyo nikija kuomba chumvi."

Siku moja Mahin akanikaribisha chai, ile isiyo na maziwa, kipande cha sukari wanakibana kwa meno. Nikasubiri anywe yeye kwanza. Tulizungumza Kiingereza cha kuombea maji, wote wawili. Akanieleza kwamba anatunga wimbo wa majina matupu, ya waliochukuliwa kwao na ya waliochukuliwa kwetu sisi majirani zake, ili wasipotee mara mbili. Akafungua daftari. "Wewe una nani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, dada, nakuogopa. Lakini moyo ulikuwa umejaa, nikaanza: "Kaka yangu, mwalimu. Walimchukua darasani." Hapo nikaiona kalamu yake imegusa karatasi. Chini barabarani honi ikalia. Amisi amekuja kutupeleka mazoezini. Ulimi ukadaka lililo karibu. "Anaitwa Amisi," nikasema. "Amisi wa Fizi."

Akaandika. Akanisomea mara mbili, akauliza kama amelitamka sawasawa. Nikaitikia kwa kichwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Miezi ikapita, ndipo tukaalikwa kwenye ule ukumbi. Kabla ya kuimba Mahin akasema, "Wa mwisho ni mwalimu. Dada yake tunaye hapa." Kisha akaanza. Kiajemi sikijui, lakini jina halihitaji mkalimani. Aliyatoa moja moja, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. La mwisho likapanda kuliko yote: "Amisi wa Fizi!" Watu wasiotujua kabisa wakatoa vitambaa, wakalia.

Amisi akainama kwetu. "Jamani, nimekufa lini? Mbona nyumbani hawajaniambia? Na basi limeletwa na nani?" Alikuwa akijizuia asicheke.

Nabintu hakucheka. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Akasema polepole, "Wifi. Kule walimchukua wao. Hapa umemficha wewe."

Mlango ulikuwa pale pale karibu, kama nilivyoutaka. Nikainuka, nikaenda mbele, nikamwambia Mahin yote.

Akaliweka gambusi chini. Kisha akasema, "Mimi nilidhani wale niliowakimbia wamekutuma wewe. Kila nikitoka, mlango wako una jicho. Mwaka mzima nyumbani kwangu naimba kwa kunong'ona." Akaniambia CD za wimbo ule zilikwisha kutoka, humo hawezi kubadili kitu. Ukumbini anaweza. Akafungua daftari, akanipa kalamu. Mimi niliyeishia darasa la tatu, nikaandika kwa herufi kubwa: ASUKULU.

Leo Mahin anaalikwa nchi nyingi, kumbi kubwa, na popote asimamapo kaka yangu anatajwa. Lakini wajukuu wakiufungua wimbo wa ile CD kwenye simu zao, anayetajwa ni Amisi. Mwenyewe mzee sasa, hujigamba: "Nimeimbwa ningali hai, nyinyi ngojeni zamu yenu." Wanacheka. Mimi natoka nje ya chumba.

Mwanangu, najua utanijibu kwa Kiingereza, ila nisikie kwa Kiswahili. Sikwambii umwamini kila mtu. Mpaka leo simu ikiniomba jina langu naizima. Shuku, shaka ndiyo iliyonifikisha hapa. Ila ukiogopa, nyamaza, au mwambie mtu usoni kwamba unamwogopa. Usimpe uongo ili akuache. Kimya waweza kukivunja kesho. Uongo ukishatoka una miguu yake, utaimbwa hata nchi ambazo hutafika kuufuta.

Mungu akupe jicho la kumwona adui, na jingine la kumwona jirani. Waliopotea wako wapate wa kuwataja, na wewe usiongeze jina kwenye wimbo ule.

Nanyi mliokuwepo, kama nimekosea safu, au kiti, au aliyekaa kushoto, nisahihisheni. Uzee una mapengo. Jina la kaka yangu tu msiliguse. Ni Asukulu.